Sentensi Moja ya Watahiniwa Thelathini na Wanane

Wifi yangu ni mwoga. Nina haki ya kumsema, kwanza kwa sababu ni wifi yangu, na mawifi wasipotaniana watu watadhani hawasalimiani. Pili kwa sababu nimefanya naye kazi shule moja kwa miaka kumi na minne, yeye akifundisha fasihi na mimi nikiwa katibu muhtasi, meza yangu mlangoni kwa mkuu wa shule. Asubuhi hufunga mlango wa nyumba, akafika barabarani, akarudi kuusukuma kuhakikisha. Nguo aliyoipiga pasi jana huipiga tena leo. Kaka yangu alipomwoa alikuwa akimcheka kwa hayo. Siku hizi humsubiri tu barabarani, amemshikia mkoba, anaangalia magari yakipita.

Akiingia darasani woga huo huuoni. Wanafunzi humwita Mama Hoja, kwa sababu katika insha ya fasihi hasomi kitu kingine mpaka kwanza aione hoja kuu, ile sentensi moja mwishoni mwa aya ya kwanza inayotangaza mwanafunzi anadai nini kuhusu kitabu. "Bila hiyo," huwaambia, "mnanisimulia hadithi tu, na hadithi nimeshaisoma." Aliitaka ipigiwe mstari kwa rula. Alipita katikati ya madawati na kalamu nyekundu mkononi, na akikuta karatasi isiyo na mstari alisimama hapohapo, hasemi neno, mpaka mstari upatikane.

Zamani alifundisha kwa namna nyingine, na kwa maoni yangu alifundisha vizuri zaidi. Aliandika ubaoni hoja tatu kuhusu kitabu kimoja, mbili dhaifu na moja nzuri, akawaacha wanafunzi wabishane ipi ni ipi. Kelele zao zilifika ofisini kwangu mpaka nikawa nakosea kuchapa. Kisha ukaja mwaka mmoja mbaya. Wanafunzi wake waliingia kwenye mtihani wa mwisho vichwa vimejaa mawazo, wakakaa nusu saa nzima kila mmoja akisaka hoja isiyo na mfano wake, na kengele ikalia wengi wakiwa na aya mbili. Nusu ya darasa ilianguka. Wazazi walikuja kwa mkuu mmoja mmoja, na mimi ndiye niliyewakaribisha viti. Ukuta kati ya ofisi ya mkuu na chumba cha walimu ni wa mbao, kwa hiyo wifi alisikia yote, pamoja na yale ambayo mtu hapaswi kusikia akisemwa.

Muhula uliofuata aliniletea kipande cha karatasi nimchapie nakala za darasa zima. Kilikuwa na sentensi moja: "Mwandishi anadhihirisha kwamba binadamu hujichimbia kaburi kwa tamaa yake mwenyewe, na jamii isiyobadilika huzikwa pamoja naye."

"Hii ni ya kitabu gani?" nilimuuliza.

"Chochote," alisema. "Nimeijaribu kwenye vitabu vyote vilivyotahiniwa miaka kumi. Kila kitabu kina mtu anayetaka kitu, na kila kitabu kina jamii. Inaingia kote."

Nilicheka. Yeye hakucheka, akaniuliza nitamaliza kuchapa saa ngapi.

Wanafunzi waliipa jina la Sare, kwa kuwa kila mtu lazima aivae. Wakifungua mtihani, dakika ya kwanza Sare iko kwenye karatasi, imepigiwa mstari, na muda wote uliobaki ni wa kukusanya mifano ya kuitetea. Hawakuandika insha za ajabu, lakini walimaliza. Matokeo yakapanda. Mkuu alimpa cheti kikatundikwa ukutani kwenye chumba cha walimu, na walimu wa shule nyingine walipokuja kuuliza siri yake aliwajibu kuwa ni bidii ya watoto. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba kaburi la tamaa limempa cheti. Alinitazama kwa jicho ambalo mawifi tunalijua, nikanyamaza.

Mwaka huu ninaousimulia alizidisha. Kwenye mtihani wa majaribio kijana mmoja alijaribu kuirembesha Sare, akaandika kwamba jamii itajizika yenyewe ikiwa hai, na insha nzima ikampotea hapo. Wifi alipata hofu upya. Siku moja kabla ya mtihani wa mwisho aliwasimamisha wote mstarini nje ya darasa, akawaambia, "Msibadilishe hata nukta." Watoto walikuwa watiifu. Hawakubadilisha hata nukta.

Barua ilifika Jumatatu, wiki tatu baada ya shule kufungwa kwa darasa la mwisho. Barua zote hupita kwangu kwanza. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Karatasi za fasihi za shule yetu zilikuwa zimesahihishwa na mtu mmoja, na katika karatasi zote thelathini na nane, mahali palepale, kwa maneno yaleyale, alikuta sentensi moja. Watahiniwa walituhumiwa kunakiliana au kuletewa jibu. Matokeo yao yalikuwa yamezuiwa. Afisa wa mitihani angefika Jumatano kufanya uchunguzi, na ikithibitika kuwa ni udanganyifu, mtahiniwa atafutiwa masomo yote na kurudia mwaka mzima.

Nilimpelekea mkuu, halafu nikaenda chumba cha walimu. Wifi alikuwa peke yake, anapanga madaftari ya kidato cha chini. Nilimweleza. Alikaa juu ya rundo la madaftari, si kwenye kiti, na sidhani kama alijua amekalia nini.

"Wifi, sema kitu," nilimwambia.

"Nikisema niliwakaririsha, mimi sina kazi. Nisiposema, watoto ni wezi."

"Basi utasema."

"Watoto thelathini na nane," alisema. "Wengine wazazi wao hawana uwezo wa kuwalipia mwaka mwingine hata wakiuza paa."

Jumanne hakuja kazini. Mchana kaka yangu alinipigia simu kwa sauti ya chini. "Mwenzako anapiga pasi mashuka," alisema. "Amemaliza nguo zote, amemaliza mapazia, sasa ni mashuka. Nimemwambia apumzike, amechukua taulo."

"Mwache," nilimwambia. Sare ile niliichapa mimi, mwaka baada ya mwaka, na kwenye faili langu nakala yake ipo. Niliogopa kwa ajili ya wifi, lakini nitakuwa mnafiki nikisema sikujiogopea mwenyewe.

Jumatano watahiniwa waliitwa warudi. Walikuja na nguo za nyumbani na walionekana wakubwa ghafla, wengine na ndevu changa, wakasimama uani makundi makundi bila kucheka. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na miwani aliyoivua kila alipotaka kumsikiliza mtu. Tulikaa maktaba: yeye, mkuu, wifi, na mimi niliyepewa kazi ya kuandika muhtasari wa kikao kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Alivua miwani. "Mwalimu, sentensi hii imetoka wapi?"

Wifi alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa kusema kweli, naapa kwamba alikuwa amejiandaa. Njiani alikuwa ameniambia. Lakini mkuu alikuwa amekaa mbele yake, na mlango wa maktaba ulikuwa wazi, na ng'ambo kwenye chumba cha walimu cheti chake kilionekana ukutani.

"Ni mfano tu niliwapa," alisema. "Mfano wa jumla. Kila mmoja alikuwa huru kuandika hoja yake."

"Huru?"

"Huru kabisa."

Nilijua si kweli na niliandika. Mwandiko wangu ulitoka safi kama kawaida, na hilo bado linaniudhi.

Afisa alirudisha miwani usoni. Alisema hakuja kubishana na maneno ya walimu, maana kila mwalimu ana maneno, atapima mwenyewe. Alitoa kwenye mkoba wake karatasi yenye hadithi fupi ya ukurasa mmoja, hadithi ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuisoma, akaniomba nitoe nakala. Kila mtahiniwa angeisoma na kuandika hoja kuu tu, kwa dakika kumi na tano.

Hadithi yenyewe nilisoma mashine ikitema nakala. Ilikuwa ya mama asiyejua kusoma, anayewaficha watoto wake wadogo jambo hilo. Kila barua ikija kutoka kwa mtoto wake mkubwa wa kiume aliye mbali, huifungua mbele yao na kuisoma kwa sauti, akitunga kila neno kichwani. Siku moja mtoto wa kati anaingia darasa la kwanza na kujifunza herufi. Mwisho wa hadithi, mama anamwona akinyoosha mkono kuelekea kwenye barua.

Watahiniwa waliingizwa maktaba, na wifi akatolewa nje. Alisimama kwenye ujia, mgongo ukutani, na mimi nikasimama dirishani niweze kuona ndani na kumwona yeye. Watoto walisoma. Kisha, karibu kwa wakati mmoja, niliona rula zikitolewa mikobani. Rula thelathini na ngapi zikitoka kabla ya dakika ya pili, mtu hana haja ya kusogea karibu ili ajue kinachoandikwa.

Nilikusanya mimi, watoto wakarudi uani, na wifi akaitwa ndani. Binadamu hujichimbia kaburi kwa tamaa yake mwenyewe. Binadamu hujichimbia kaburi. Hujichimbia kaburi. Yule mama maskini hakuwa na tamaa hata ya sukari, lakini karatasi baada ya karatasi zilimtia kaburini na jamii nzima ikamfuata. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku hiyo niliona aibu mpaka masikioni, na papo hapo nikapata nafuu, maana niliona kuwa wamepona. Hawakuibiana. Walikuwa wamejazwa.

Afisa alifikiri hivyohivyo. Alizipanga karatasi mbele yake, akasema polepole, "Hawa wamekaririshwa. Mtu anayeiba huiba kitu kinachomfaa. Hiki hakiwafai na bado wameandika." Mkuu alishusha pumzi. Kisha afisa akainua karatasi moja iliyobaki, akaniambia nimwite mwenyewe.

Alikuwa binti wa fundi viatu, msichana mwembamba ambaye wenzake walimwita Mnong'ono kwa vile ukimwuliza swali darasani ni lazima umsogelee. Afisa aliisoma hoja yake kwa sauti ili iingie kwenye muhtasari: "Mama hawadanganyi watoto wake kuhusu kaka yao, anawapa kaka anayemtaka yeye, kwa hiyo siku barua itakaposomwa kweli ni yeye atakayempoteza mwana."

Hata mkuu, ambaye ni mtu wa hesabu, aliinua kichwa.

"Umeandika mwenyewe?" afisa alimuuliza.

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Nilimaliza mapema."

"Mwezi uliopita kwenye mtihani uliandika ile ya wenzako. Neno kwa neno. Kwa nini, na wewe una uwezo wa kuandika hivi?"

"Niliambiwa," alisema Mnong'ono.

"Mwalimu wako amesema mlikuwa huru."

Mnong'ono alimtazama wifi. Hakumtazama kwa hasira, alikuwa anasubiri tu, jinsi mwanafunzi anavyosubiri mwalimu aeleze. Wifi alikuwa anatazama meza. Nilikuwa naye umbali wa mkono mmoja na ningeweza kumkanyaga mguu, lakini sikumkanyaga. Yule binti alifumba mdomo na hakusema tena. Asingemfanya mwalimu wake mwongo mbele za watu; alilelewa vizuri, na malezi yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanamwangamiza.

Alipotoka, afisa alieleza bila ukali. Thelathini na saba wameachiwa, maana hawana hoja nyingine vichwani. Huyu anayo. Mtu mwenye hoja yake aliyeandika ya wenzake, akiwa huru kama mwalimu alivyosema, amenakili. Yeye kama afisa hakuletewa ushahidi wa kumfanya afikiri vinginevyo. Matokeo ya mmoja yatafutwa. Aliandika fomu, akaisogeza kwa wifi aweke saini kama mwalimu wa somo.

"Mmoja kati ya thelathini na nane," mkuu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Mwalimu, tumshukuru Mungu. Saini."

Nami nilitaka asaini. Naliandika hili kwa kuwa nimekusudia kusema ukweli. Nilimwaza kaka yangu, nikawaza faili langu, nikajiambia mwaka mmoja si kitu kwa msichana mwenye akili namna ile. Wifi alishika kalamu. Aliishika muda mrefu, kisha akailaza juu ya fomu.

"Naomba muda," alisema.

"Saa tisa naondoka," afisa alisema. Ilikuwa saa sita na nusu.

Kwenye ujia alinikamata mkono kwa nguvu mpaka ukauma. "Nikirudi kusema nilidanganya, ataniamini lipi, la asubuhi au la mchana? Atadhani namtetea mtoto. Daftari lake, wifi. Daftari lake la mazoezi ndilo litakalosema."

"Litasema nini?"

Alimwita Mnong'ono, akamuuliza daftari la fasihi liko wapi. Msichana alisema liko kwa baba, kisha akataka kuongeza kitu, akaacha.

Tulikwenda kwa miguu, Mnong'ono hatua mbili nyuma yetu. Si mbali, lakini jua lilikuwa kichwani na barabara ile inachimbwa kupitisha bomba, kwa hiyo tulipita juu ya ubao mmoja mmoja tukipishana na watu wa mikokoteni. Wifi alitazama saa mara nne kabla ya kona. Nilimwambia atazame chini asije akaingia shimoni, maana tukimpeleka hospitali saa tisa itapita. Alicheka kidogo, ikawa mara yake ya kwanza tangu Jumatatu.

Fundi viatu alikuwa barazani mwa duka la vipuri, mbele yake viatu vimepangwa safu tatu. Alipotuona alisimama, akajifuta mikono kwenye aproni, na uso wake ukabadilika.

"Karibuni, walimu. Mwanangu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, baba," wifi alisema. "Nahitaji daftari lake la fasihi. La mwaka huu."

Fundi alimtazama binti yake, binti akatazama chini. "Madaftari alinipa mwenyewe," alisema fundi taratibu. "Alisema yamekwisha kazi. Mvua za juzi zimeniletea viatu vingi vilivyolowa. Kiatu kikilowa unakijaza karatasi, ndiyo kinakauka bila kujikunja." Alionyesha zile safu tatu. Kila kiatu kilikuwa kimejaa mdomoni karatasi zilizofinyangwa.

Wifi alipiga magoti palepale, na sketi yake iliyopigwa pasi mara mbili ikaingia vumbini. Alichomoa karatasi kutoka kiatu cha kwanza: hesabu. Cha pili: picha ya moyo wa binadamu na mishipa yake. Cha tatu: hesabu tena. Nami nilikaa chini nikaanza upande wa pili, na fundi, bila kuuliza zaidi, akaanza na viatu vya ndani ya sanduku. Alituambia jozi saba zilikwishachukuliwa na wenyewe tangu jana, pamoja na karatasi zake. Nilihesabu moyoni jozi zilizobaki. Mteja mmoja alikuja, akakuta walimu wawili wamekaa chini wanapekua buti lake, akaona ni heri arudi baadaye.

Karatasi ya kwanza ya fasihi niliipata mimi, ndani ya kiatu cha mwanamke chenye kisigino. Nilimpa wifi. Aliinyoosha juu ya paja, na nilimwona anasoma bila kupumua.

Mnong'ono alikuwa ameandika kuhusu kitabu cha mtihani, kile cha mkunga anayekataa kuhama kijiji kinapofunikwa na bwawa: "Mkunga habaki kwa kuwa anakipenda kijiji, anabaki kwa kuwa huko waendako hakuna mtu hata mmoja mwenye deni la shukrani kwake." Juu ya sentensi hiyo kulikuwa na mstari mwekundu wa rula, umenyooka. Kando, kwa mwandiko wa wifi, Sare nzima imeandikwa, na chini yake: "Fuata maelekezo. 4/10."

Tulipata nyingine, na nyingine. Karatasi kumi na moja kwa jumla, tangu mwanzo wa mwaka. Kwenye kumi msichana alikuwa amejaribu hoja yake mwenyewe, na kwenye zote hizo kalamu nyekundu ilikuwa imekata. Kwenye ya mwisho kabisa hakukuwa na kilichokatwa. Alikuwa ameandika Sare, na wifi alikuwa amempa nane na neno "Safi".

"Sikuzisoma," wifi aliniambia. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Naona sasa tu. Nilikuwa naangalia kama Sare ipo. Ikikosekana, nakata. Sikusoma hata moja."

Fundi alitupatia kipande cha turubai tufungie karatasi, na tukarudi tukikimbia nusu ya njia, watu wazima wawili na viatu vya kazi, Mnong'ono sasa akiwa mbele yetu.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika kumi. Wifi hakuketi. Aliziweka karatasi mezani moja moja, zingali na mikunjo ya viatu na harufu ya ngozi iliyolowa, akamwomba afisa asome maneno ya wino wa buluu kwanza, halafu ya wino mwekundu. Afisa alisoma zote kumi na moja. Alimwomba wifi aandike jina lake nyuma ya fomu ya asubuhi, akaiweka kando ya wino mwekundu, akalinganisha. Alivua miwani.

"Nani alizikata?"

"Mimi."

"Asubuhi ulisema walikuwa huru."

"Nilisema uongo." Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilisikika. "Hakuna aliyekuwa huru. Niliwakataza kubadilisha hata nukta. Huyu mtoto alijaribu mwaka mzima nikamwadhibu kwa alama mpaka akaacha. Siku ya mtihani aliandika nilichomlazimisha. Kama kuna aliyefanya udanganyifu, andika jina langu."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Niliogopa wataanguka tena," alisema wifi. "Basi."

Mkuu alikohoa, akaanza kusema kuwa shule haikuwa na taarifa. Wifi alinigeukia. "Andika yote, wifi. Kama nilivyosema." Niliandika. Nilipofika mwisho wa ukurasa niliongeza, kwa mwandiko uleule unaosomeka, kwamba sentensi iliyotajwa ilichapwa na kutolewa nakala na katibu muhtasi wa shule kwa miaka saba akijua matumizi yake. Nililisoma kwa sauti. Kisha nikatia saini yangu chini yake.

Afisa aliichana fomu. Watahiniwa wote thelathini na nane wataachiwa matokeo yao, alisema. Kuhusu mwalimu, ataandika taarifa, na mpaka majibu yatoke asikanyage darasa la mtihani. Majibu yenyewe huenda yasiwe mazuri, na yeye hawezi kuahidi lolote. Kuhusu mimi, alisema litaangaliwa. Alimwomba wifi ruhusa ya kuchukua zile karatasi. Wifi alisema ruhusa si yake.

Mnong'ono alikuwa amekaa kwenye ngazi za uani, wenzake wameshaondoka. Wakati wote ule, alipoitwa, njiani tulipomwambia mwaka wake unafutwa, alipoona madaftari yake yakichomolewa viatuni, sikuwa nimeona chozi. Wifi alikaa kando yake kwenye ngazi, bila kupangusa, akampa zile karatasi mapajani.

"Umeachiwa," alimwambia. "Matokeo yako yatatoka pamoja na ya wenzako. Na yule mama anazitaka hizi kwa taarifa yake. Ni zako, ukikataa nitamwambia."

Mnong'ono alizipitisha moja moja, polepole, akipitisha kidole juu ya mistari myekundu. Tulimsogelea ili tumsikie.

"Mwalimu, zilikuwa na kosa gani?" aliuliza. "Nilizirudia nyumbani kila moja. Nilitafuta, sikuliona."

"Hazikuwa na kosa," wifi alisema. "Hata moja, mwanangu."

Msichana alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akainamia zile karatasi na kuanza kulia, na hakunyamaza mpaka afisa alipotoka na mkoba wake na kusimama pembeni kumsubiri.